Kabla ya Siku ya Ishirini

Innerwald, Jumapili, 13 Julai 1975

Kwa mdogo wangu Filomena, huko Vienna,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hapo ulipo, hata kama mikono ina unga. Sisi wazima, ukiondoa goti langu la kushoto ambalo halina habari ya uzima tangu Pasaka. Ng'ombe wote saba wazima, yule wa doa jeupe amezaa dume tena, mwaka wa tatu huu, naona anafanya kusudi. Mvua imenyesha wiki nzima, nyasi zimefika kiunoni na hakuna wa kuzigusa. Anayeandika ni Mwalimu Ottilie kama kawaida. Anakusalimu. Ameleta keki ya cheri, imeungua chini, tumekula hivyo hivyo. Anasema hilo asiandike. Andika, Ottilie.

Sasa kaa kwanza ndipo usome.

Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya parokia. Baada ya misa watu wakaenda uwanjani kwa mieleka kama kila mwaka. Veit, mjukuu wangu, yule uliyemwona mara ya mwisho anakula siagi kwa kidole, sasa ana miaka ishirini na tatu na shingo kama ya fahali. Akapangwa na Gotthard wa Moos, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Gotthard anaelekea arobaini lakini mieleka anaijua. Akambwaga Veit mara mbili, mgongo chini, kihalali kabisa, sina neno. Veit akaenda kukaa kwenye benchi avae viatu. Gotthard akapita na bia yake mkononi akasema, watu wote wakisikia, "Pole, kijana. Babu yako angalau alijua kuumiza mtu. Ndiyo maana serikali ilimlisha miezi minane."

Filomena, kiatu kimoja kilikuwa tayari mguuni. Kile cha mlimani, cha misumari. Akampiga teke moja tu, kwenye muundi. Ngozi ikafunguka kama mfuko wa unga. Nyuzi kumi na moja. Daktari amepiga picha, mfupa mzima, amshukuru Mungu na mama yake aliyemlisha maziwa. Lakini yuko kitandani na mguu juu ya mto, na askari wamekwisha kuja hapa mara mbili kuandika.

Unajua ninachoogopa. Siku kumi na tisa ni ugomvi, siku ishirini ni jela. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kassian wangu mwaka wa thelathini na moja. Ngumi moja alimpiga Blasius mwenye baa, na Blasius akalala siku ishirini kamili, hata moja haikupungua, na jaji akahesabu kwa vidole akasema jeraha kubwa, miezi minane. Alirudi mzima wa mwili. Ila hakupiga mluzi tena mpaka anakufa, na wewe unajua mtu yule alivyokuwa akipiga mluzi, ng'ombe walikuwa wanamfuata.

Wewe ulikuwa mtumishi pale kwa Blasius wakati ule, ulimpelekea chakula kitandani. Miaka arobaini na minne najiuliza, ilikuwaje hata asipate nafuu siku moja mapema? Siku moja tu. Niambie kama unakumbuka.

Leo ni siku ya nane. Nachora chaki kwenye mlango wa zizi, chini ya ile chaki ya baraka ya sikukuu ya Wafalme Watatu. Wewe unamtunzia nyumba jaji mstaafu. Muulize. Muulize kama teke ni sawa na ngumi, na kama Jumapili inahesabiwa.

Veit hali vizuri. Jana alimwaga ndoo nzima ya maziwa na hakutukana.

Ni mimi dada yako, Walburga


Vienna, 18 Julai 1975

Dada mpenzi,

Milele na milele, amina. Barua yako imefika jana, nimeisoma nikiwa nimesimama ijapokuwa uliniambia nikae. Mimi mzima. Vienna joto, lami inashika viatu, na ghorofa ya tatu imekuwa kama ya sita. Nimekutumia kahawa nusu kilo kwenye kifurushi, usiwagawie watu wote.

Jaji hayupo. Amekwenda Baden kwenye maji ya moto kwa ajili ya mgongo, anarudi Jumatatu. Nitamuuliza siku hiyo hiyo kabla hajavua kofia, na nitakuandikia.

Mpaka barua hiyo ifike, nakuomba kitu kimoja. Usiende kwa Gotthard. Usimpelekee supu, usimpelekee salamu, usimrai. Nakujua. Kaa nyumbani.

Mpe Veit pole. Mwambie ale.

Hayo ya Blasius ni ya zamani mno, sikumbuki vizuri.

Filomena


Innerwald, Jumanne, 22 Julai 1975

Mdogo wangu Filomena,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata asubuhi hii, na kahawa. Tumeshaonja, mimi na Ottilie. Ottilie anasema ni kali. Ni kwa sababu yeye anakunywa ile ya shayiri. Mvua imekatika juzi, sasa jua linawaka mpaka mapaa yanatoa moshi, na bonde lote liko mashambani, hata padri ameonekana na reki. Mtoto wa kike wa dada yake Ottilie ameposwa na mtu wa reli. Goti vile vile.

Mambo yetu yamekaa sawa. Usiwe na wasiwasi. Kwamba nisiende mahali, basi barua yako imechelewa kidogo, lakini imechelewa vizuri. Nimezungumza na mtu, na mtu amenielewa. Keshokutwa Alhamisi ni siku ya kumi na tisa, na siku hiyo bonde lote litaona kitu kwa macho yake, na Ijumaa ikija ituletee siku ya ishirini tutakuwa tumelala usingizi.

Zaidi ya hapo siwezi kusema, Ottilie ana masikio.

(Mimi Ottilie naandika anavyosema. Sijui ni mtu gani. Nimemuuliza mara tatu.)

Ona sasa. Mwaka mzima amefundisha watoto wasichungulie madaftari ya wenzao.

Veit amekata konde la chini lote jana. Amekata kama mtu anayekimbizwa. Nimemwambia, "Mjukuu wangu, yataisha." Akasema, "Bibi, wewe umejuaje?" Nikamwambia wazee wana njia zao. Hakucheka.

Dada yako, Walburga


Vienna, 22 Julai 1975

Dada mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Jaji amerudi, mgongo wake unamruhusu kukaa lakini si kusimama. Nimemweleza kila kitu wakati wa supu, na supu ikapoa, kwa sababu hapo ndipo alipoanza kuzungumza. Nakuandikia upesi, posta inafunga saa kumi na mbili.

Dada, sikiliza vizuri. Siku ishirini hazipo tena. Sheria ya zamani imefutwa, tangu mwezi wa kwanza mwaka huu kuna mpya. Sasa ni siku ishirini na nne, na siyo kufika, ni kupita. Mtu akiumwa au asipoweza kufanya kazi yake zaidi ya siku ishirini na nne, jeraha ni kubwa. Siku ya ishirini na nne yenyewe bado ni dogo. Kwa hiyo Gotthard ana mpaka tarehe 29, Jumanne.

Jaji anasema kuna majeraha yasiyongoja siku. Jicho, fuvu, mfupa mkubwa ukivunjika, hayo ni makubwa siku hiyo hiyo. Pua ikivunjika ikabaki mahali pake ni jeraha dogo, ikihama ni kubwa. Anasema amewahi kukaa asubuhi nzima na mawakili wawili wakiangalia pua moja. Muundi uliopasuka ngozi bila mfupa ni wa kuhesabiwa siku. Kingine, mahakama haiulizi kama kinauma. Inauliza kama mtu anaweza kufanya kazi ile aliyokuwa akiifanya. Karani angekuwa ameshakaa mezani siku ya nne. Mkulima wa mlimani, mguu ndio kazi.

Na ndiyo, Jumapili inahesabiwa.

Kwa hiyo mwache Gotthard alale. Kila siku anayolala ametulia ni faida yenu. Akilala mpaka Jumatatu ijayo ngozi imeshika, Veit atajibu mahakama ndogo ya wilaya kwa ugomvi. Akizidisha siku hizo, kesi inakwenda Innsbruck, na huko kifungo kinaweza kufika miaka mitatu.

Asisogezwe. Naiwahi posta.

Filomena


Innerwald, Jumapili, 3 Agosti 1975

Filomena,

Tumsifu Yesu Kristo. Ng'ombe wazima. Goti silitaji.

Barua yako ya siku ishirini na nne ilifika Jumamosi tarehe 26. Ottilie alinisomea hapa hapa mezani. Alipofika pale pa "asisogezwe" nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia arudie tena. Nilikuwa namenya viazi. Nimemenya mpaka kiazi kikaisha mkononi.

Alhamisi ile, siku ya kumi na tisa, nilikuwa dirishani jikoni. Unajua konde letu la Steinwand linaonekana kutoka dirisha langu peke yake, hakuna nyumba nyingine inayoliona. Nikamwona Gotthard. Yuko juu kule, kwenye mteremko ule ambao hata mbuzi anafikiria mara mbili, amevaa soksi ya sufu juu ya bendeji, na fyekeo refu mikononi, anakata. Amekata mstari mmoja, akarudi, ameanza wa pili. Nikasema moyoni, shuka wewe mjinga. Halafu nikamwona amekaa. Halafu sikumwona. Nilipomwona tena alikuwa anashuka kwa makalio, anajivuta, mguu umenyooka mbele kama ubao. Mke wake Rosina alimpokea kwenye kijito akamwingiza ndani kwa mlango wa nyuma.

Nyuzi zilikatika sita. Usaha ukaingia. Homa mpaka Jumanne, na Jumanne ndiyo ile tarehe 29. Sasa ni siku ya ishirini na tisa na bado yuko kitandani. Daktari amesema labda katikati ya mwezi.

Askari wamerudi. Gotthard amewaambia hajatoka kitandani tangu siku ya teke, hata kwa haja. Rosina amesema vile vile. Wamempa Veit karatasi, kesi ni Innsbruck, tarehe 16 Septemba, jeraha kubwa. Alisoma karatasi akaikunja mara nne akaitia mfukoni, akaenda kukamua. Nilimfuata. Zizini kimya, Filomena. Amekaa na shavu lake kwenye ubavu wa ng'ombe na hapigi mluzi. Alikuwa anapiga, sikukuambia? Ule ule wa babu yake.

Kwa nini Gotthard alikwenda kukata nyasi kwenye konde letu, mimi sijui. Watu wana akili zao.

Ottilie ananiangalia. Andika tu, Ottilie.

Muulize Jaji. Muulize kama kuna sheria nyingine.

Walburga


Vienna, 12 Agosti 1975

DADA,

NAANDIKA HERUFI KUBWA KAMA ZA KITABU CHAKO CHA SALA, ILI USOME MWENYEWE. USIMPE OTTILIE. SOMA POLEPOLE. NIMEPUNGUZA MANENO.

MIMI MZIMA. NATUMAI NAWE.

JAJI ANASEMA HIVI. MAHAKAMA ITAULIZA NANI ALIZIREFUSHA SIKU. KIDONDA KIKIREFUKA CHENYEWE, NI CHA VEIT. KIKIREFUKA KWA SABABU MTU ALIKUWA ANAPONA AKAPANDA MLIMA KWA HIARI YAKE, JAJI MWENYE AKILI ATAMWULIZA DAKTARI: ANGELALA, ANGEPONA LINI? LAKINI LAZIMA MAHAKAMA IJUE KWAMBA ALIPANDA. NA KWA NINI.

DADA, MTU HALALI SIKU KUMI NA NANE AKAAMKA YA KUMI NA TISA BILA KUAMBIWA NA MTU ALIYEKUWA ANAHESABU. NAJUA NI WEWE. NAJUA NA KWA NINI UNANYAMAZA. NIKUFUNDISHE MIMI KUNYAMAZA? NIMENYAMAZA KULIKO WEWE.

ULINIULIZA KUHUSU BLASIUS. NILISEMA SIKUMBUKI. NAKUMBUKA.

SIKU YA KUMI NA NANE BLASIUS ALISHUKA NGAZI MWENYEWE AKANYWA SUPU JIKONI. SUPU NILIMPAKULIA MIMI. AKAOMBA CHUMVI. MKE WAKE AKANIAMBIA, UKIULIZWA, BWANA HAJATOKA KITANDANI. NILIKUWA NA MIAKA KUMI NA TISA NA KITANDA NILICHOLALIA KILIKUWA CHAO. NIKAULIZWA MBELE YA JAJI. KASSIAN ALIKUWA ANANITAZAMA. NIKASEMA HAJATOKA KITANDANI.

KWA HIYO MIEZI MINANE ILIKUWA YANGU. NDIYO MAANA NILIKUJA VIENNA. NDIYO MAANA SIKUJA KUMZIKA.

SIKUOMBI KITU. NAKUAMBIA TU KWAMBA UKINYAMAZA TAREHE 16, UTAKUJA KUISHI KAMA MIMI.

FILOMENA


Innerwald, Jumapili, 21 Septemba 1975

Kwa Filomena,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekaa kimya, najua. Nikupe habari kwanza. Viazi tumechimba, vingi, vidogo. Mitamba wetu wameshuka kutoka malisho ya juu wote na maua kichwani, mwaka huu hakuna aliyekufa. Yule ndama dume tumemuuza. Theluji imeshaonekana kwenye vilele, imekaa siku moja ikaondoka, imekuja kuangalia tu. Ottilie anaandika, na leo ana hasira, kwa sababu ile barua yako ya herufi kubwa hajaisoma na hataisoma. Nimeishona ndani ya mto wangu. Yeye leo anaandika baadhi ya mambo asiyoyaelewa, na inamkera sana, na mimi inanifurahisha kidogo.

Nianze na mahakama.

Tulikwenda kwa basi la alfajiri, mimi, Veit, na wakili kijana tuliyepewa na serikali, ana chunusi. Nilikuwa nimevaa nguo ya msiba, ndiyo nzuri kuliko zote. Mkononi nilikuwa na fyekeo. Nilikuwa nimepanda Steinwand mwenyewe, na goti hili, mwendo wa saa tatu kwenda na wa saa nne kurudi, kulichukua. Lilikuwa bado pale pale alipoliacha, kwenye nyasi, limeshika kutu, na alama ya shamba la Moos imechongwa kwenye mpini. Askari wa mlangoni akasema, "Bibi, na hilo huingii." Nikamwambia, "Mwanangu, hili ni shahidi, mimi ndiye niliyelisindikiza." Akaliweka kwenye kabati la miamvuli.

Jaji ni mtu wa makamo, ana mafua. Alimwita Gotthard. Gotthard akasema siku thelathini na nane, tangu tarehe sita Julai mpaka kumi na mbili Agosti, kitandani. Hakuniangalia. Daktari akaja, akasema jambo moja nililolishika: kwamba tarehe 23, alipokagua, kidonda kilikuwa kimefunga kasoro upana wa kidole gumba, na kwamba kwa jinsi alivyoona kingekuwa kimemalizika Jumapili ile, siku ya ishirini na mbili, na kwamba hajui hata leo ni nini kilichokifungua. Jaji akamwuliza Gotthard. Gotthard akasema, "Kilijifungua."

Hapo nikasimama. Wakili akanivuta gauni. Jaji akasema, "Bibi, zamu yako bado." Nikasema, "Bwana Jaji, nina miaka sabini na minne, nikingoja zamu naweza kusahau." Watu wakacheka, yeye akapenga pua, akaniruhusu.

Nikamwambia. Nilikuwa nimewaza usiku na mchana maneno ya kuanzia na yote yalipotea. Nikasema, kilichokifungua ni mimi.

Nikamweleza kwamba Jumapili ya tarehe 20, Rosina akiwa kanisani, nilivuka kijito nikaingia kwa Gotthard kwa mlango wa jikoni. Nikamwambia, Gotthard, unalitamani konde la Steinwand tangu enzi za baba yako. Nyasi za mwaka huu zote ni zako. Wewe Alhamisi simama tu. Vaa suruali, jikongoje mpaka kanisani, usimame pale mlangoni watu wakuone, urudi ulale mwezi mzima ukitaka. Akaniambia, "Walburga, wewe ni kichaa." Akafikiri. Akasema, "Nyasi zote? Mpaka mwambani?" Nikasema mpaka mwambani. Tukapeana mikono. Veit hakujua. Rosina hakujua. Hata huyu anayeandika hakujua, tazama alivyoinua kalamu.

Lakini mimi nilimwambia kanisani, Filomena. Kanisani. Ila Alhamisi ile ilikuwa kavu, upepo mzuri, nyasi zimesimama zimeiva, na yeye ameambiwa ni zake. Mtu wa bonde hili utamwambia nyasi ni zake siku kavu halafu yeye aende akasimame mlangoni mwa kanisa? Hilo kosa ni langu. Nilipaswa kumwahidi kitu cha ndani ya nyumba.

Jaji akauliza, "Kwa nini Alhamisi?" Nikasema, kwa sababu ilikuwa siku ya kumi na tisa, na ya ishirini ni jela. Akaniangalia. Akasema taratibu, "Bibi, sheria hiyo imekufa tangu Januari." Nikasema, "Haikuniaga."

Akapenga pua tena.

Gotthard akasimama, mwekundu mpaka masikioni, akasema, "Huyu bibi anasema uongo kwa ajili ya mjukuu wake." Nikasema, basi fungueni kabati la miamvuli. Likaletwa fyekeo. Nikasema, na kule Steinwand kuna mstari mmoja uliokatwa na nusu ya wa pili, nyasi zimelala zimekuwa nyeusi, mtumeni askari akapime. Jaji akamwuliza, "Ni lako?" Gotthard akapitisha kidole gumba kwenye makali. Unajua alichosema? Akasema, "Limepata kutu." Kama mtu aliyemkuta mtoto wake mchafu. Na hapo yakaisha, Rosina akaanza kulia, na Gotthard akasema kila kitu, kwamba aliona aibu, nani hatacheka akisikia amenunuliwa kwa nyasi na bibi wa mtu aliyempiga.

Jaji akatoka nusu saa. Hiyo nusu saa sitaieleza. Veit alinishika mkono.

Akarudi, akasoma. Kwamba teke ni kosa na Veit ataadhibiwa kwa teke. Kwamba jeraha alilolifanya Veit lilikuwa la siku ishirini na mbili, na siku zilizobaki si zake, ni za mlima, na za mtu mzima aliyejua ana kidonda akaupanda. Kwa hiyo ni jeraha dogo. Miezi miwili, ya nje, na asiguse mtu miaka mitatu. Halafu akanigeukia. Akasema nilichofanya kwa shahidi ni jambo la kunifungulia kesi mimi mwenyewe, na kwamba ataamua kuliona au kutoliona, na kwamba nikirudia ataliona. Nikamwambia sina konde lingine.

Nje kwenye ngazi Gotthard akanisimamisha. Anachechemea bado. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Na nyasi?" Nikamwambia nyasi tulipeana mikono, ni zako, zilizobaki, kama mvua haijazimaliza. Akasema, "Kesho Veit aje anisaidie kuteremsha, mguu wangu haufai." Veit akaenda. Wamekata siku mbili. Sijui walizungumza nini. Amerudi na soseji.

Sasa yale mengine, ambayo Ottilie atayaandika bila kuuliza.

Barua yako ilinichukua siku nane. Nilikuwa nasoma kidogo kila baada ya kukamua, kwa kidole. Herufi ulizichora vizuri. Nilimaliza Jumapili tarehe 24 Agosti. Nilipofika pale pa chumvi nilitoka nje nikakaa juu ya kigogo cha kupasulia kuni mpaka jua likazama, na Veit akadhani ni goti.

Nikasema sitakujibu. Halafu nikasema nitangoja. Nikachukua chaki, nikaanza mistari mipya pale pale kwenye mlango wa zizi, mmoja kila siku. Nikasema, siku zikifika ishirini na nne nitajiangalia kama daktari anavyoangalia, nione kama kidonda changu kimefunga. Juma lililopita Jumanne, siku ile ile ya mahakama, zilifika. Hakijafunga. Nikangoja nyingine, nyingine, leo ni ya ishirini na tisa. Hakijafunga, Filomena. Kwa sheria ya zamani na kwa mpya, ni kubwa.

Lakini wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mahakama haiulizi kama kinauma. Inauliza kama mtu anaweza kufanya kazi yake. Kukamua nimekamua. Mkate nimeoka. Innsbruck nilisimama, na nilisimama kwa sababu ya ile barua, hilo nataka ulijue. Kazi moja tu niliiacha siku zote hizi, ya kuwa dada yako. Leo nimeianza tena. Nachechemea, usinitegemee kwa mbio.

Njoo kabla theluji haijafunga njia. Basi linapanda Jumanne na Ijumaa. Chumba cha juu kina jiko, Veit amesafisha bomba, nimemsikia kule juu akipiga mluzi, hajui kama anapiga, wala sikumwambia. Njoo na kahawa ile kali. Kaburi la Kassian liko upande wa ukuta, tutakwenda pamoja, na huko utasema wewe, mimi nitasimama tu kando.

Chaki nimeifuta leo asubuhi. Nimefuta kwa kiganja, sikuchukua kitambaa, kwa hiyo ukifika utaona bado inaonekana kidogo.

Walburga, dada yako